F-5: Ndege ya kasi iliyonunuliwa kwa hofu ya Amin

*Ilibuniwa iwe ndege ya kivita ya nchi zisizo na pesa nyingi. Kenya iliitaka ili kujikinga na majirani, lakini mtihani wake wa kwanza ulizuka nyumbani.*

NA MWANDISHI WETU

UKIPITA Shimanzi asubuhi, kitu cha kwanza kukulaki ni harufu ya mafuta. Bahari iko hapo hapo nyuma ya maghala, lakini upepo wake hufika barabarani ukiwa umechanganyika na petroli, dizeli na vumbi la magurudumu. Malori yamepanga foleni. Madereva na utingo wao wamejibanza kivulini wakinywa chai kwa mahamri, wakingojea zamu. Nyuma ya kuta kumesimama matangi ya duara, makubwa, meupe, ambayo mtoto wa shule akipita hapo hana budi kuuliza yana nini ndani.

Wengi wetu tukiyaona matangi hayo huwaza matatu, jenereta na mafuta ya taa ya jikoni. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mwaka 1976 bandari hii ilikuwa mstari wa mbele wa ugomvi uliokaribia kuzitia Kenya na Uganda vitani. Ugomvi huo huo ndio uliochangia kuiletea Kenya ndege yake ya kwanza yenye uwezo wa kuipita kasi ya sauti ikiwa katika mwendo wa kawaida wa kunyooka: Northrop F-5, kutoka Marekani.

Watoto wa Nairobi wameijua ndege hiyo kwa ngurumo yake siku za sikukuu, inapopita juu ya uwanja wa sherehe na kuwafanya watu wainamishe vichwa. Lakini historia yake haikuandikwa uwanjani. Nyingine iliandikwa hapa Kilindini, nyingine juu ya msitu wa Mlima Kenya, na nyingine ng'ambo ya mpaka wa Somalia.

Siku makuli walipokunja mikono

Mwezi wa Februari mwaka 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza jambo lililowashtua Wakenya. Alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda iliyomegwa na wakoloni, na kwamba mpaka wa haki ungefika kilomita 32 tu kutoka Nairobi.

Mzee Jomo Kenyatta alijibu kuwa Kenya haitatoa hata shubiri moja ya ardhi yake. Maandamano yakafanywa miji mingi. Hapa Mombasa, wafanyakazi wa bandari walijibu kwa namna yao: walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Nchi isiyo na bahari, ambayo karibu mafuta yake yote yalipitia Kenya, ikajikuta imekabwa koo na watu wasiokuwa na bunduki hata moja.

Mambo yalizidi kuchacha mwezi wa Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 4, makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe na kuwaokoa mateka waliokuwa wakishikiliwa humo. Kabla ya kuondoka waliziteketeza ndege kadha za kivita za Amin aina ya MiG zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani. Ndege za Waisraeli zilitia mafuta Nairobi zikiwa njiani kurudi kwao. Amin aliwaka kwa hasira, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakaanza kuuawa.

Kenya nayo ilibana zaidi. Ilidai madeni yake yalipwe, na malori ya mafuta ya kwenda Uganda yakasimama. Magari ya Kampala yakakauka. Amin akatishia vita, Marekani ikaisogeza manowari yake ya kubeba ndege, Ranger, hadi Bahari ya Hindi, na watu wakashika redio zao masikioni. Mwezi wa Agosti pande zote mbili zilikubaliana mjini Nairobi kuyamaliza, na malori yakaanza tena safari.

Kwa mtu wa Shimanzi, somo lilikuwa wazi: ndege za Amin, pamoja na mbio zao zote, zilikunywa kutoka bomba lililo mkononi mwetu. Lakini serikali haikuridhika na bomba peke yake.

Jirani mbili zenye MiG

Hebu tuiangalie ramani kama walivyoiangalia wakuu wa jeshi wakati ule. Magharibi kulikuwa na Uganda yenye MiG-17 na MiG-21. Kaskazini mashariki kulikuwa na Somalia, ambayo tangu uhuru wake mwaka 1960 ilikuwa ikidai eneo wanaloishi Wasomali wa Kenya. Somalia nayo ilikuwa imepewa MiG-21 na Warusi. MiG-21 ina uwezo wa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti.

Na Kenya? Jeshi la Wanahewa lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964 likiwa na ndege ndogo za mafunzo na za mizigo. Miaka ya 1970 lilipata ndege za Strikemaster na Hawker Hunter chache kutoka Uingereza. Hunter ilikuwa ndege nzuri na marubani waliipenda, lakini ilikuwa imebuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na haikuweza kuipita sauti ila ikiporomoka kutoka juu.

Dawa ya moto ni moto, wahenga walisema. Mwezi wa Juni 1976, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alizuru Nairobi, na mpango wa kuiuzia Kenya ndege 12 za F-5 ukatangazwa: 10 za rubani mmoja na mbili za viti viwili. Gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 70, pamoja na vipuri na mafunzo. Kwa nchi iliyokuwa na miaka 12 tu ya uhuru, hilo halikuwa jambo dogo.

Kuipita sauti ni nini?

Kabla ya kuendelea, tujibu swali ambalo kila mwanafunzi huuliza. Sauti husafiri hewani kwa takriban kilomita 1,235 kwa saa tukiwa karibu na usawa wa bahari. Kule juu, kwenye kilomita 11 ambako hewa ni ya baridi kali, hupungua hadi kilomita 1,060 hivi. Ndiyo maana huuona umeme wa radi kwanza, kisha husikia ngurumo yake baadaye.

Sasa simama ufukoni Kilindini uitazame boti. Ikienda polepole, mawimbi madogo hutangulia mbele yake na maji humpisha. Ikienda kasi kuliko mawimbi hayo, maji hayana tena nafasi ya kupisha. Hujikusanya ubavuni likawa wimbi moja zito ambalo huja kuupiga ukuta wa pwani hata baada ya boti kupita. Ndege inayoipita sauti hufanya hivyo hivyo kwa hewa. Wimbi hilo likifika chini husikika kama mshindo wa bomu, na madirisha hutikisika. (Ngurumo ya siku za sikukuu ni ya injini tu. Marubani hawaipiti sauti juu ya umati wa watu.)

Mtu wa kwanza kuthibitishwa kuipita sauti katika ndege iliyonyooka alikuwa Mmarekani Chuck Yeager, tarehe 14 Oktoba 1947. Miaka michache baadaye Marekani na Urusi zilikuwa na ndege za kivita za kufanya hivyo: F-100 kwa upande mmoja na MiG-19 kwa upande wa pili. Lakini kila aina mpya ilikuja kubwa zaidi, nzito zaidi na ghali zaidi. Ilifika mahali ndege moja ya kivita ikahitaji kundi zima la mafundi na barabara ndefu ya kurukia, mambo ambayo nchi nyingi duniani hazikuwa nayo.

Injini ya magunia matatu

Hapo ndipo wahandisi wa kampuni ya Northrop, California, walipojiuliza swali tofauti katikati ya miaka ya 1950. Kwa nini ndege ya kivita isiwe ndogo, nyepesi, rahisi kutengeneza na ya bei ambayo nchi ya kawaida itaimudu? Miongoni mwa wahandisi hao walikuwemo Welko Gasich na Edgar Schmued, aliyewahi kubuni Mustang, ndege mashuhuri ya Vita Vikuu vya Pili.

Jibu lao lilitegemea injini ndogo iitwayo J85. General Electric iliitengeneza injini hiyo ili isukume kombora la kuidanganya rada ya adui, kombora ambalo lingeachiliwa kutoka ndege kubwa ya B-52. Uzito wake ni kama magunia matatu na ushei ya mahindi, yale ya kilo 90, lakini katika F-5E msukumo wake hupita tani mbili. Northrop waliweka injini mbili za namna hiyo ubavu kwa ubavu. Moja ikizimika, rubani ana ya pili ya kumrudisha nyumbani.

Mwili wa ndege ulipewa pua ndefu kama ya samaki nduaro na mabawa mafupi, membamba. Pale mabawa yanapoungana na mwili, kiuno kilibonyezwa ndani kama chupa ya soda. Kiuno hicho hakikuwekwa kwa urembo. Wataalamu wa Marekani walikuwa wamegundua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa ndege yenye kiuno huipenya hewa kwa urahisi zaidi inapoikaribia kasi ya sauti.

Kutokana na mchoro huo walizaliwa ndugu wawili. Wa kwanza, T-38, ndege ya mafunzo, aliruka tarehe 10 Aprili 1959. Wa pili, aliyekuja kuitwa F-5, aliruka tarehe 30 Julai mwaka huo huo, na siku hiyo hiyo ya kwanza akaipita sauti. Jeshi la Marekani lenyewe halikuwa na haja kubwa naye, lakini mwaka 1962 serikali ya Rais John Kennedy ilimchagua awe ndege ya kupewa au kuuziwa nchi rafiki. Iran, Ugiriki, Uturuki, Norwe, Ufilipino, Morocco na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizomchukua.

Warusi walipozidi kuigawa MiG-21 duniani, Northrop walitoa toleo lenye nguvu zaidi, F-5E, lililoruka mara ya kwanza tarehe 11 Agosti 1972. Hilo ndilo lililokuja Kenya. Likiwa tupu lina uzito wa tani nne na ushei, chini ya thuluthi moja ya uzito wa Phantom, ndege kubwa ya Marekani ya wakati huo. Kwa mwendo wake wa juu kabisa, kilomita 1,700 kwa saa, safari ya Mombasa hadi Nairobi ingechukua dakika 16 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Ili kufikia mwendo huo injini hulazimika kumwagiwa mafuta ya ziada nyuma kabisa, ndani ya moto wenyewe, na matangi ya ndani yenye lita 2,500 na kidogo hukauka haraka sana. Rubani wa F-5 huipita sauti kwa dakika chache, akiwa na sababu.

Habari kutoka Ogaden

Kenya ikiwa bado inazingojea ndege zake, F-5 ilipata mtihani mkubwa karibu na mlango wetu. Mwezi wa Julai 1977 majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden, mashariki mwa Ethiopia. Ardhini Wasomali walisonga mbele kwa kasi. Angani mambo yalikuwa mengine.

Ethiopia ilikuwa na F-5 chache tu ilizopewa na Marekani enzi za Mfalme Haile Selassie na muda mfupi baada yake. Wasomali walikuwa na MiG nyingi zaidi, na kwa karatasi MiG-21 ina mbio kuliko F-5. Lakini vita vya ndege kwa ndege huamuliwa na wepesi wa kugeuka, macho ya rubani na mazoezi yake. Marubani wa Ethiopia waliziangusha MiG kadha na kuitawala anga. Mmoja wao, Legesse Tefera, aliyeangusha MiG zaidi ya moja, alitunguliwa na mizinga ya ardhini na kushikwa. Alikaa kifungoni Somalia kwa miaka 11, hadi mwaka 1988, na aliporudi kwao alipokewa kama shujaa.

Kwa Kenya, iliyokuwa upande wa Ethiopia katika ugomvi huo, habari hizo zilikuwa tamu. Ndege iliyoagizwa ilikuwa imeonyesha kuwa yaweza kusimama mbele ya MiG.

Mwaka wa mabadiliko

F-5 za Kenya zilifika mwaka 1978, zikawekwa kituo cha Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Ulikuwa mwaka mzito. Mwezi wa Februari bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, lilianza kazi. Mafuta ambayo hapo awali yalipanda bara kwa reli na malori sasa yalitiririka chini ya ardhi mchana na usiku, mafuta ya ndege yakiwa miongoni mwao. Tarehe 22 Agosti Mzee Kenyatta alifariki dunia hapa hapa Mombasa, katika Ikulu, na Daniel arap Moi akashika usukani.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Amin alifanya kosa lililommaliza: aliivamia Tanzania. Jeshi la Mwalimu Nyerere lilimfurusha hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Somalia nayo ilikuwa imerudishwa nyuma na Ethiopia iliyosaidiwa na Wakuba na Warusi. Maadui wawili ambao F-5 zilinunuliwa kwa ajili yao walikuwa wamevunjika kabla hazijafyatua hata risasi moja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, Wakenya waliofungua redio walikuta Sauti ya Kenya mikononi mwa waasi. Sauti waliyoisikia ilikuwa ya mtu wanayemjua vizuri, Leonard Mambo Mbotela, mwana wa Mombasa mwenye asili ya Frere Town, aliyelazimishwa kwa bunduki kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alilisimulia tukio hilo mara nyingi maishani mwake.

Waasi wenyewe walikuwa wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini. Nanyuki, kwenye kituo cha F-5, wenzao walikuwa na jukumu la kutisha: ndege zipakiwe mabomu, zikaishambulie Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya GSU.

Lakini waasi hawakujua kurusha ndege. Iliwabidi kuwashika marubani. Kwa mujibu wa masimulizi ya baadaye, koplo mmoja aliingia na silaha katika kiti cha nyuma cha ndege ya viti viwili ili kuhakikisha amri inatekelezwa. Meja David Mutua, mmoja wa marubani waliolazimishwa, alitambua jambo moja: koplo huyo hakuwahi kupanda ndege ya kivita maishani mwake.

Hapa msomaji aelewe kinachoupata mwili ndani ya F-5. Ndege ikikata kona kali kwa kasi, mtu wa kilo 70 huweza kujihisi ana kilo 350. Damu hushuka miguuni, macho huingia giza, na tumbo hugeuka. Rubani amefundishwa kukaza misuli na kupumua kwa namna yake. Abiria asiyejua hupoteza mwelekeo hata asijue mbingu iko wapi na ardhi iko wapi. Marubani waliambiana redioni, wakazirusha ndege kwa mizunguko ya kutisha hadi koplo akalegea. Kisha wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya na kurudi kutua Nanyuki.

Hebu fikiri, msomaji. Ikulu na kambi ya GSU zimezungukwa na makazi ya watu. Siku hiyo zaidi ya watu 100 walikufa nchini hata bila ya mabomu hayo. Majeshi ya serikali, chini ya uongozi wa Mahmoud Mohamed, yaliuzima uasi siku hiyo hiyo. Ochuka alikimbilia Tanzania kwa ndege ya kijeshi, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa.

Jeshi la Wanahewa lilivunjwa. Mahali pake pakawekwa kikosi kilichoitwa '82 Air Force chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu, na ni mwaka 1994 tu ndipo jina na heshima yake vilirudishwa. Kituo cha Nanyuki kilibadilishwa jina kikawa Laikipia. F-5 zilibaki pale pale, zikiwa zimeangusha mabomu yao mashuhuri kuliko yote juu ya miti.

Vita havina macho

Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, ndege hizo zilifanya mazoezi na kupamba sherehe. Katika miaka ya mwisho ya 2000, serikali iliongeza F-5 nyingine zilizokwisha kutumika nchini Jordan, na ununuzi huo ukazusha maswali magazetini: kwa nini kununua mitumba ya angani? Wengine walijibu kuwa mafundi wetu tayari wanaijua, na ndege inayojulikana ni afadhali kuliko mpya isiyo na fundi.

Mwezi wa Oktoba 2011, Kenya iliingiza majeshi yake Somalia katika Operesheni Linda Nchi, kupigana na al-Shabaab baada ya utekaji nyara wa watalii na wafanyakazi wa misaada, baadhi yao huku pwani, Lamu. F-5 zilirushwa vitani kweli. Somalia, nchi ambayo MiG zake zilikuwa zimewatia Wakenya hofu, haikuwa tena na ndege hata moja ya kivita ya kupambana nazo. Waliokuwa chini walikuwa wapiganaji waliojichanganya na raia.

Tarehe 30 Oktoba 2011 mji wa Jilib ulishambuliwa kutoka angani. Jeshi la Kenya lilisema limewapiga wapiganaji wa al-Shabaab. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema watu 5 waliuawa na 45 kujeruhiwa kwenye kambi ya wakimbizi, wengi wa majeruhi wakiwa watoto. Jeshi lilikanusha kuipiga kambi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, ndege za Kenya zilirudi tena kuzipiga kambi za al-Shabaab huko Gedo.

Kila upande una watoto wake wa kulilia. Ndege iliyobuniwa kufukuzana na ndege nyingine angani iligeuzwa kuwa ya kutafuta watu ardhini, na kwa rubani aendaye kasi kiasi hicho, tofauti kati ya gari la adui na gari la mkimbizi huwa nukta ndogo sana.

Mzee asiyetaka kustaafu

Duniani kote F-5 imekuwa kama lile lori kuukuu la mjomba ambalo kila mwaka husemwa ni la mwisho. Zaidi ya 2,000 zilitengenezwa, na Northrop waliacha kuziunda mwaka 1987. Marekani yenyewe, iliyoidharau mwanzoni, iliigeuza kuwa mwalimu: kwa kuwa ni ndogo na nyepesi kama MiG-21, marubani wa F-5 walicheza nafasi ya adui katika mazoezi. Waliotazama filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 wameiona bila kujua. Zile ndege nyeusi za adui zilizoitwa "MiG-28" zilikuwa F-5 zilizopakwa rangi. Hata mwaka 2020 jeshi la wanamaji la Marekani lilikubali kununua F-5 kuukuu 22 kutoka Uswisi kwa kazi hiyo hiyo ya kuwafunza marubani.

Tukirudi Shimanzi, foleni ya malori bado iko. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu mwaka 2022 meli kubwa zimepata gati jipya upande wa Kipevu, lakini harufu ya asubuhi ni ile ile. Mzee aliyekuwa kuli mwaka 1976 akiwa bado hai, sasa ni babu wa kupelekwa msikitini au kanisani kwa kushikwa mkono. Hakuna sanamu yake mjini, wala hapiti angani siku ya sikukuu.

Hata hivyo, tukiihesabu historia hii kwa haki, yeye na wenzake walimbana Amin miaka miwili kabla ya F-5 ya kwanza kutua Nanyuki. Na siku ndege hiyo ilipoweza kulichoma jiji letu kuu, iliyotuokoa haikuwa injini yake wala mbio zake. Walikuwa watu wachache waliokaa mbele ya usukani, bunduki ikiwa nyuma yao, wakaamua mabomu yaangukie miti. Mtoto wako akiuliza siku ya Jamhuri ni nini kile kinachonguruma, mwambie jina lake, mbio zake na bei yake. Kisha umsimulie habari za kuli na za rubani.

F-5E KWA UFUPI

Urefu: mita 14.45
Upana wa mabawa: mita 8.13
Injini: mbili, aina ya J85
Mwendo wa juu: mara 1.6 ya kasi ya sauti
Silaha: mizinga miwili ya milimita 20 puani, makombora kwenye ncha za mabawa, mabomu chini yake
Iliruka mara ya kwanza: 11 Agosti 1972
Ilifika Kenya: 1978